Amri ya Neno Moja

Mwaka 2003 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu ya WarioWare kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya gemu inayoshikwa mkononi. Ndani ya gemu hiyo mna vijigemu zaidi ya 200, kila kimoja cha sekunde chache tu: kuruka gari linalokuja, kulenga tone la dawa jichoni, hata kuingiza kidole kwenye tundu la pua. Kadiri mchezaji anavyofaulu, ndivyo kasi inavyopanda.

Maelezo hayana nafasi hapo. Kioo hutoa amri fupi, mara nyingi neno moja, na mchezaji hutenda.

Kiswahili kinaiweza kazi hiyo vizuri mno. Amri kwa mtu mmoja ni kitenzi kitupu, bila kiambishi cha nafsi: Ruka! Lenga! Kwepa! Silabi mbili, jicho limeshasoma, kidole kimeshabonyeza. Vitenzi kama “-la” na “-nywa” ndivyo vinavyong’ang’ania “ku-” yao: Kula! Kunywa! Hata hivyo bado ni vifupi. Mfasiri wa gemu ajihadhari zaidi na urefu: “kwepa” inatosha, “jiepushe nacho” imeshamchelewesha mchezaji.