Mgeni Asiye na Jina: Kutotambulika katika Itifaki ya Ujumbe wa Papo kwa Papo na Uzoefu wa Bonde la Kilombero

Itifaki ya XMPP, iliyotokana na mradi wa Jabber na kusanifishwa mwaka 2004, iliacha mlango kwa mgeni asiye na jina wala nywila. Kwa utaratibu uliofafanuliwa upya mwaka 2006 katika waraka wa RFC 4505, mteja huomba kuingia bila kujitambulisha; anaweza kuacha alama yoyote, hata anwani ya barua pepe, lakini alama hiyo si uthibitisho wa yeye ni nani. Seva humpa kitambulisho cha muda kinachokoma mawasiliano yanapokatika.

Hata hivyo, seva huendelea kuiona anwani ya mtandao anakotokea mgeni. Hapa ndipo watafiti wengi huchanganya kukosa jina na kutotambulika. Ifakara inautoa mfano wa tofauti hiyo nje ya kompyuta. Tangu mwaka 1996, mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu katika wilaya za Kilombero na Ulanga umewapa wakazi namba za utambulisho. Mchambuzi wa takwimu huona namba tu, ilhali taasisi ndiyo inayojua namba ni ya nani. Mkazi amefichwa kwa msomaji, hajafichwa kwa mtunza orodha.

WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009 kwa kutumia seva ya ejabberd ya jamii hiyohiyo ya XMPP, iliufunga mlango wa mgeni na kuifanya namba ya simu kuwa jina la mtumiaji. Kwa mkulima wa mpunga wa Mang'ula au mfugaji wa Malinyi, badiliko hilo lilikuwa dogo hadi laini yenyewe ilipofungamanishwa na mwili wake. Usajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza Mei 2019, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa tayari zimezitaka intaneti kafe kuweka kamera na daftari la watumiaji. Itifaki ingeweza kusema "mgeni" ilivyotaka. Jina lilikwisha kuandikwa mlangoni.

Wafugaji walipoondolewa bondeni mwaka 2012, maneno juu ya nani alipewa ardhi na nani alinyimwa yalikuwa na gharama kwa msemaji. Kwa mtu wa namna hiyo, kitambulisho cha muda peke yake ni kinga hafifu. Mgeni azuiwe kuhifadhi orodha ya marafiki na kutuma ujumbe kiholela kwa seva za nje, jambo ambalo ni haki ya mwenye seva dhidi ya wasumbufu. Lakini seva nayo ifute kumbukumbu ya anwani yake mara kikao kinapokwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa zisihifadhiwe kupita haja. Kwa mgeni, haja hiyo huisha anapotoka.