Mwanamke Daima

Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York alichapisha kitabu, Feminine Forever, yaani mwanamke daima. Kana kwamba hedhi ikikoma, uanamke nao umekoma. Aliiita hali hiyo ugonjwa wa upungufu wa homoni, akaahidi kwamba estrojeni ingewarudishia wanawake ujana na mvuto. Kitabu kiliuzika sana, na vidonge pia. Mwaka 1975 tafiti mbili za Marekani zikaonyesha kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Dawa yenyewe inafanya kazi: hupunguza joto la ghafla na jasho la usiku. Lakini mwanamke aliyeomba usingizi aliuziwa urembo, na gharama akailipa kwa mwili wake.