Utani na kufaana kwa wapenzi wa vitabu: Kitengela, Kajiado na kwingineko

MTU akimwita mwenzake Nasaba Bora katika mkahawa mjini Kitengela, asiyesoma riwaya atadhani limetajwa jina la ukoo. Aliyesoma atacheka, na pengine atatazama pembeni kwanza kabla ya kucheka. Mtemi Nasaba Bora ni mhusika katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa 2012 na kutahiniwa katika shule za upili nchini Kenya kwa miaka kadhaa. Ndiye bwana mkubwa anayejitwalia ardhi ya wengine kwa hati za kughushi. Katika mji ambao umekua kwa kuuza na kununua viwanja, jina hilo si mzaha mtupu.

Kitengela iko kama kilomita 30 kusini mwa Nairobi, kwenye barabara iendayo Namanga. Mbele yake ni Isinya, kisha mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, ambao jina lake latokana na neno la Kimaasai Olkejuado, yaani mto mrefu. Zamani nyanda hizi zilikuwa malisho ya mifugo na njia ya wanyamapori watokao katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mashamba ya pamoja yalipogawanywa, na viwanda vya eneo la bidhaa za kuuzwa nje vilipofunguliwa Athi River kuanzia miaka ya 1990, watu wa kila kabila walihamia. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.1 katika kaunti nzima, na zaidi ya 150,000 kati yao mjini Kitengela pekee. Aghalabu jirani ni mtu usiyemjua kwao wala wazazi wake. Katika hali kama hiyo, kitabu ambacho watu wawili wamekisoma huwa ni mahali pa kukutania.

Utani, kwa maana yake ya asili, si kuchekana tu. Nchini Tanzania, ambako desturi hii ina mizizi mirefu, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na vivyo hivyo Wangoni na Wayao. Mtani anaweza kumkejeli mwenzake hadharani, hata kumnyang'anya kitu, na mwenye kutaniwa haruhusiwi kununa. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo ana wajibu: huja kusaidia katika mazishi na kuwachekesha wafiwa ili huzuni isiwalemee. Anayetaka haki ya kucheka lazima abebe na mzigo wa kusaidia. Wamaasai nao wana mfumo wa marika, ambapo waliotahiriwa pamoja huwa huru kusemezana kwa namna wasiyoweza kuthubutu mbele ya rika la wazee wao, na wa rika moja hafungiwi mlango na mwenzake. Mifumo hii miwili haifanani kwa kila hali, lakini yote miwili imekataa kutenganisha maneno ya mzaha na kufaana.

Wapenzi wa vitabu wamejijengea utani wao juu ya misingi hiyo hiyo. Silaha yake kubwa ni lakabu. Anayeazima kitabu asikirudishe huitwa Mwalimu Majisifu, kwa sababu katika riwaya hiyo hiyo ya Walibora, Majisifu ndiye aliyeiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Asiyechoka kusafiri ataitwa Kongowea, kwa jina la msimulizi wa Siku Njema (1996), kitabu ambacho kiliwafanya Wakenya wengi waliokuwa shuleni wakati huo waamini kwamba Kiswahili kinaweza kusomwa kwa raha. Wenye umri mkubwa zaidi watamtaja Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, na vijana waliofanya mtihani karibuni hawatajua wanacheka nini. Hapo ndipo utani unapogeuka kuwa mwaliko: asiyejua huazimwa kitabu.

Desturi hii haikuanzia madarasani. Mjini Mombasa, Muyaka bin Haji (1776-1840) alijulikana kwa mashairi ya kujibizana, na wakati wa uhasama baina ya Mvita na Lamu tungo zilivuka bahari kama mishale, kila upande ukimfumbia mwenzake na kungoja jibu. Kejeli zilikuwa kali, lakini kanuni zilikuwa za pamoja: huwezi kumshinda mtu kwa shairi ambalo vina vyake vimepotea. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya tungo za Muyaka ingepotea kabisa lau si Mwalimu Sikujua, mshairi wa Mombasa aliyezikusanya kutoka vinywani mwa watu katika karne ya 19 na kumfafanulia mmishonari W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapishwa 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa mpenzi wa fasihi kumfaa mwenziwe ambaye hata hayupo.

Magazeti ndiyo yaliyoupeleka mchezo huo bara. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka wa 1923, liliwapa wasomaji ukurasa wa mashairi na barua, na humo watu ambao hawakuwahi kuonana walijuana kwa sauti. Nchini Kenya, Taifa Leo lilipokuwa gazeti la kila siku mwaka wa 1960 liliendeleza desturi hiyo. Mtunzi huuliza swali kwa beti kadhaa, mwingine humjibu, wa tatu akaingilia kuamua ugomvi ambao hakuitiwa. Chini ya shairi huandikwa jina, lakabu na mji. Hivyo ndivyo msomaji wa Lamu alivyoweza kujua kwamba yuko malenga Kajiado, na kumtania kwamba ng'ombe wamemfundisha mizani.

Mizani ndiyo kiini cha utani huo. Shairi la kawaida la tarbia lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16 iliyogawanywa vipande viwili vya nane nane. Aliyezidisha moja ataambiwa ameongeza chumvi. Aliyepunguza ataulizwa kama alikuwa na njaa. Kwa mtu wa bara ambaye Kiswahili si lugha ya mama, hesabu hii ni shule kamili, na masahihisho yanayokuja kwa mzaha hukumbukwa kuliko ya kalamu nyekundu. Ubishi mkubwa ulizuka miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974), diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipochapisha Malenga wa Bara mwaka wa 1976, jina lenyewe lilisikika kama jibu la kistaarabu kwa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyokuwa imetoka 1971. Ubishi huo haujaisha, na pengine ni vyema usiishe.

Lakini kuna nyakati ambapo kufaana kulikuwa jambo la hatari. Mwaka wa 1969 Abdilatif Abdalla, nduguye Ahmad Nassir, alifungwa miaka mitatu kwa kuandika kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Akiwa peke yake seli alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje kwa siri. Yalichapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mtunzi ni mmoja, lakini kitabu hicho kisingefika kwa msomaji bila wale waliokubali kubeba karatasi.

Kwa upande wa Kajiado, kitabu kinachozungumzwa kwa uzito zaidi si cha Kiswahili. Ni Blossoms of the Savannah, riwaya ya Kiingereza ya Henry ole Kulet, Mmaasai wa Narok aliyeanza kuchapisha vitabu mwaka wa 1971 na kufariki Februari 2021. Inasimulia habari za Taiyo na Resian, mabinti wawili wanaokabiliwa na ukeketaji na ndoa za lazima baada ya baba yao kurejea kijijini. Ilitolewa 2008, ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, na baadaye ikawekwa katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa. Ukeketaji ulipigwa marufuku nchini kwa sheria ya 2011, lakini sheria haikumaliza mambo. Mjini Kajiado, shule ya wasichana ya AIC imekuwa kimbilio la waliotoroka ndoa za utotoni. Msomaji katika mazingira hayo hasomi habari za watu wa kubuni tu. Utani hapa hupungua, na inafaa upungue: anayejua kutania hujua pia ni ukurasa upi usiochekwa.

Msaada wa kila siku, hata hivyo, ni wa mambo madogo. Vitabu ni ghali, na Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 iliviongezea asilimia 16. Wengi wanaofanya kazi Nairobi na kulala Kitengela hununua vya mitumba kwa wachuuzi wanaovitandaza kando ya barabara za jiji, biashara ambayo watu wameipa jina la inama, maana mnunuzi sharti ainame kuchagua. Kitabu kimoja cha inama kinaweza kusomwa na watu kumi. Kanuni ni zile zile za chama cha kuchangiana pesa: kila mtu ana zamu, anayechelewesha huwakosesha wengine, na fedheha ndiyo faini kubwa. Wanaojua zaidi huwasaidia watoto wa wenzao na vitabu vya mtihani. Anayeandika hupata wa kumsomea mswada kabla ya mchapishaji kuukataa, na hiyo ni huduma ambayo pesa haziinunui kwa urahisi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Lakini kaunti yenye ukubwa wa Kajiado, ambako mfugaji anaweza kuwa mbali na mji kwa mwendo wa siku nzima, haiwezi kutosheka kwa jengo moja. Kitabu kinachopita mkono kwa mkono hufika pale ambapo jengo halifiki.

Utani una mipaka yake pia. Kumcheka mtu kwa kosa la vina ni halali; kumcheka kwa lafudhi yake katika mji wa wahamiaji ni jambo jingine, na ndilo linalowafanya wengine wanyamaze wakati mazungumzo yanapofika kwao. Mtani wa kweli huanza kwa kujicheka mwenyewe.

Uzito wa udugu huu ulionekana Aprili 2020. Ken Walibora alifariki Aprili 10, baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi. Siku chache kabla, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, serikali ilikuwa imepiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka eneo la jiji, na mpaka ulichorwa hivi kwamba Kitengela ikawa ndani na mji wa Kajiado nje. Wasomaji wa barabara moja hawakuweza kutembeleana kuomboleza. Mazishi yalifanyika Trans Nzoia, na maagizo ya wakati huo yaliruhusu waombolezaji wachache tu. Kilichobaki kwa wengi ni taazia, yaani shairi la kumlilia marehemu, ambalo halihitaji kibali cha kusafiri. Waliomtania Walibora kwa majina ya wahusika wake sasa walihesabu mizani kwa ajili yake. Vizuizi viliondolewa Julai 7, na magari ya Kajiado yakaanza tena kupita Kitengela kuelekea jijini.