Mafundi wa Michezo ya Video katika Barabara ya Ngong

Mtu apitaye leo katika Barabara ya Ngong, ukingoni mwa Kilimani, jijini Nairobi, akaliona jumba la Bishop Magua, si rahisi adhani kwamba katika ghorofa yake ya nne, tangu ulipofunguliwa ukumbi wa iHub mwezi wa Machi 2010, walikuwa wakikutana vijana wa kompyuta, na miongoni mwao wamo waliokusudia kuunda michezo ya video yenye sura na mandhari ya Afrika.

Sanaa yenyewe iliutangulia ukumbi. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alikwisha kutoa The Adventures of Nyangi, mchezo ambao shujaa wake ni mwanamke mwenye kutafuta na kukusanya vitu vya kale vya Afrika. Kisha, mnamo 2009, akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti, yenye makao Accra na Nairobi. Baadaye Planet Rackus wakatoa Ma3Racer, ambamo mchezaji huendesha matatu, na mwaka 2015 Black Division Games wakaleta Nairobi X, ambamo jiji letu huvamiwa na viumbe wa sayari nyingine.

Basi ustadi ulikuwapo, na hamu ya kucheza ilikuwapo zaidi. Katika vibanda vya PS, yaani PlayStation, vijana wawili hukaa benchi moja, padi mikononi, macho kwenye mchezo wa soka wa FIFA, na mwenye kibanda hutoza ijara kwa kila mechi. Aliyefungwa huinuka, akampisha anayengoja. Kwa hiyo dai la wachapishaji wa ng'ambo, kwamba Mwafrika halipii mchezo, nalikataa katakata: hulipa kila jioni, kwa sarafu.

Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha fedha hiyo kwa fundi. Mwaka ule ule alipotoka Nyangi, Safaricom ilizindua M-Pesa, na haukupita muda muuza mboga akawa anapokea malipo kwa simu. Ila duka la Google halikuikubali M-Pesa hadi 2018. Sony nayo haijaifungulia Kenya duka la PlayStation, hata mwenye mashine hiyo, aliyeinunua kwa fedha halali, hujiandikisha kama mkazi wa Uingereza au Marekani apate kuutumia mtandao wake. Mei 2024, kampuni hiyo ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, ingawa walikuwamo waliokwisha kuulipia.

Wachapishaji wa ng'ambo na watufungulie duka, waandike bei kwa shilingi, wapokee malipo ya simu. Nawe msomaji, mchezo wa fundi wa Nairobi ukikupendeza, ulipie, maana kodi ya chumba anachofanyia kazi hulipwa kila mwezi.