Kufuatana na wawindaji bila kubeba bunduki

KATIKA mtaa wa Elgon View, jijini Eldoret, mtu anaweza kualikwa na jamaa au mgeni kufuatana na msafara wa uwindaji akiwa mtazamaji tu. Msafara huo hauwezi kufanyika kihalali humu nchini. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikauharamisha tena uwindaji wa kujifurahisha. Aliyealikwa hana budi kuvuka mpaka.

Hata hivyo, utazamaji wenyewe si jambo geni Uasin Gishu. Mnamo Novemba 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mwaka huo, alifika pande za Sergoit, si mbali na ulipo mji wa Eldoret leo. Alikuwa ameua wanyama wengi katika safari yake, lakini siku hiyo alibaki kutazama huku mashujaa wa Kinandi wakimzingira simba dume kwa ngao na kumuua kwa mikuki. Simba hakufa bila kumjeruhi mmoja wao. Hatari ilikuwa ya wenye mikuki. Mtazamaji alirudi kambini salama na masimulizi yake.

Siku hizi safari kama hiyo huelekea zaidi Tanzania, ingawa Uganda nayo ilirejesha uwindaji kwa majaribio kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001. Nchini Tanzania, uwindaji wa kitalii husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na kampuni kadhaa zina ofisi Arusha. Mtazamaji huandikishwa mapema na hulipiwa ada ya kila siku, mbali na gharama za kambi. Leseni ni ya mwindaji peke yake. Mtazamaji akishika bunduki na kufyatua, hata kwa mzaha, amevunja sheria.

Anayetoka Eldoret, mahali palipo mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, asisahau kwamba vitalu vingi viko nyanda za chini zenye malaria. Amwone daktari kabla ya safari, na abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nguo ziwe za kaki au kijani kibichi kilichofifia. Buluu na nyeusi huwavutia mbung'o, na kuumwa nao ni adhabu.

Kambi huamka kabla ya mapambazuko. Mfuata nyayo hutangulia, kisha mwindaji bingwa na mteja wake. Mtazamaji huwa nyuma, na askari wa wanyamapori huwa pamoja nao. Hakuna mazungumzo wala simu. Kila mara mmoja wao hupeperusha vumbi kupima upepo, kwa kuwa nyati akinusa watu, kazi ya saa nne imeharibika. Saa ngumu huja baada ya mlio wa risasi. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani na aweza kuwageukia wanaomfuata. Mtazamaji akiamriwa abaki garini, abaki. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kama aliyeuawa.

Ni vyema pia mtu aulize, kabla ya kukubali mwaliko, ni mnyama gani anayewindwa. Kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, ndovu dume kadhaa wa jamii ya Amboseli waliuawa na wawindaji upande wa Tanzania, karibu na mpaka. Watafiti wa Kenya walilalamika vikali, nao watetezi wa uwindaji wakajibu kwamba ulikuwa halali. Mkenya anayesimama kando ya mzoga wa namna hiyo atakuwa shahidi wa mzozo huo, apende asipende. Anayeona hataweza kustahimili ana haki ya kubaki kambini siku hiyo, na hakuna mwongozaji mwenye busara atakayemlazimisha.

Wakati wa kurudi, begi liwe safi. Ukucha, jino, kipande cha ngozi au nyama iliyokaushwa iliyotolewa kambini kama zawadi ni kosa ikiingizwa Kenya bila kibali. Sheria ya 2013, ilivyopitishwa, iliweka kwa kumiliki nyara bila kibali faini isiyopungua Sh1 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Nyara za mwindaji husafirishwa kwa vibali vyake hadi kwao; hazipitishwi Namanga ndani ya mzigo wa mtazamaji.