Bibi Aliyelea Usharika

Historia ya Kanisa katika nchi ya Uzaramo huandikwa kwa majina ya wanaume. Twasoma kwamba mmisionari Johann Jakob Greiner aliwasili Dar es Salaam mwaka 1887, na kwamba kituo cha Kisarawe kilifunguliwa mwaka 1892, kikafuatwa na Maneromango mwaka 1895. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu Waafrika kama Martin Ganisya waliendelea kulichunga kundi. Hatimaye, tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yaliungana kuwa KKKT. Kwa watumishi hao twamshukuru Mungu. Lakini mwalimu alipofika kijijini jioni, alilala nyumbani kwa nani, na chakula chake kilipikwa na nani?

Swali hilo lilinirudisha kwa marehemu bibi yangu, mzaa mama. Alizaliwa upande wa Maneromango kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akaolewa huku Temeke wakati Barabara ya Kilwa ilipokuwa ikipita kati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Babu alifanya kazi bandarini; shamba, nyumba na watoto vilikuwa mikononi mwa bibi. Hakusoma shule. Hata hivyo aliijua Katekisimu Ndogo ya Martin Luther kwa moyo, akatufundisha wajukuu kila jioni huku akisuka ukili wa mikeka. Aliyekosea Amri moja alianza upya tangu ya kwanza. Wengi wetu tulifika darasa la kipaimara tukiwa tumekwisha kufundishwa.

Katika Sikukuu ya Mavuno alileta jogoo wake bora. Baada ya ibada, jogoo huyo aliponadiwa nje ya kanisa, mara nyingi bibi mwenyewe ndiye aliyemkomboa kwa fedha za mikeka. Hivyo alitoa mara mbili.

Ndugu zake wengi walikuwa Waislamu, kama ilivyo katika familia nyingi za Kizaramo. Wakati wa Krismasi mbuzi wake alichinjwa na jirani Mwislamu, ili kila aliyefika aweze kula. Mwezi wa Ramadhani alipeleka mihogo ya nazi kwa majirani waliofuturu. Baadhi ya waumini walinung'unika kwamba anachanganya mambo, na shauri hilo likafikishwa kwa wazee wa kanisa. Bibi alieleza kwamba imani yake haijabadilika, ila haoni jinsi mtu awezavyo kuwashuhudia ndugu asiokula nao. Hakuadhibiwa, wala hakuungwa mkono. Babu alipofariki, Wakristo na Waislamu walishirikiana kuchimba kaburi, na walionung'unika walikuwapo wakaona.

Nilipopekua vitabu vya usharika kwa ajili ya kumbukumbu hii, nilikuta shauri lile katika muhtasari wa baraza la wazee. Bibi ametajwa humo kama "mke wa", kisha jina la babu. Katika mihtasari mingine hayumo kabisa. Nilipofungua kitabu cha ubatizo, ndipo nilipokutana na jina lake mwenyewe, katika kurasa nyingi, kama mdhamini wa watoto wa watu wengine. Baadhi ya watoto hao leo ni wazee wa kanisa, waimbaji wa kwaya na viongozi wa Umoja wa Wanawake.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo waraka wa pili, hakusahau kulitaja jina la Loisi, bibi yake, ambamo imani ilikaa kwanza. Usharika wetu umechelewa kufuata mfano huo. Katika kurasa za mwisho za kitabu hiki imewekwa orodha ya akina bibi waliotulea, nalo jina la bibi yangu limo humo pamoja na wenzake. Sikulitenga hapa, kwa maana mwenyewe hakupenda kutengwa.

Orodha hiyo haijakamilika. Twawaomba wapendwa washarika mtuletee majina yaliyobaki, maadamu wangali hai wanaoyakumbuka. Na wageni wetu kutoka dayosisini, mnapotuuliza ni nani aliyeujenga usharika huu, tafadhali someni na kurasa zile za mwisho.