Númenor: Ulimi Ulizama Kabla ya Nchi

Wapenzi wa lugha, miongoni mwa nchi zilizobuniwa na watunzi kisha zikazamishwa baharini, Númenor inatuhusu sisi kuliko wengine. Mtunzi wake, J.R.R. Tolkien (1892–1973), alikuwa profesa huko Oxford. Kwake lugha zilitangulia. Hadithi zilifuata ili lugha hizo zipate pa kukaa. Habari za kisiwa hicho zimo hasa katika vitabu viwili vilivyotoka baada ya kifo chake, The Silmarillion (1977) na Unfinished Tales (1980).

Tuanze na ramani. Númenor kilikuwa kisiwa chenye umbo la nyota ya ncha tano, zawadi kwa wanadamu waliopigana na adui mkuu, Morgoth. Rasi zake ziliitwa kwa pande zake: Forostar kaskazini, Orrostar mashariki, Andustar magharibi, na kusini zilikuwako mbili, Hyarnustar na Hyarrostar. Katikati ulisimama mlima Meneltarma. Kileleni pake hakuna aliyeruhusiwa kunena ila mfalme, naye mara tatu tu kwa mwaka. Watu hao walijua uzito wa neno.

Wananchi walizungumza Adûnaic, lugha ya mama. Waelfi, rafiki zao wasiokufa, waliwafundisha Quenya, nayo ikawa lugha ya elimu na ya majina ya wafalme. Lugha hizo zilikaa pamoja karne nyingi bila ugomvi. Kisha wafalme wakaanza kuwaonea Waelfi wivu kwa kutokufa kwao, na wivu ule ukaangukia ulimi. Mwaka wa 2899 wa Enzi ya Pili, Ar-Adûnakhôr alitawazwa kwa jina la Adûnaic, wala hakuna aliyethubutu kusema lugha ya Waelfi mbele yake. Hata hivyo, katika gombo la wafalme jina lake liliandikwa kwa Quenya, kwa hofu ya kuvunja desturi.

Ar-Gimilzôr akaipiga marufuku kabisa, akawahamisha Waaminifu kutoka magharibi hadi Rómenna, mashariki. Mwanawe, Tar-Palantir, alijuta kwa niaba ya wazee wake, akarudia jina la Quenya. Lakini alipofariki, Ar-Pharazôn alimwoa kwa nguvu Míriel, binti na mrithi wa mfalme, akamnyang'anya kiti na jina pia; akaitwa Ar-Zimraphel. Mwaka wa 3319 Ar-Pharazôn aliivamia nchi ya wasiokufa, na bahari ikakimeza kisiwa. Elendil na wanawe waliokoka kwa merikebu tisa.

Msomaji wa haraka atasema kwamba wafalme wale waliikandamiza lugha ya wananchi. Sivyo. Adûnaic ndiyo iliyokuwa ya wananchi, na kuipenda halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuigeuza rungu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na nimewaona walimu wakimwadhibu mtoto kwa neno moja la lugha ya nyanya yake, wakiamini kwamba wanakitumikia Kiswahili. Mtoto yule alijifunza kwamba Kiswahili ni kiboko. Baadaye tulishangaa alipokikimbia.

Baada ya gharika, nchi ile ilipewa jina Akallabêth, yaani "iliyoanguka", na neno hilo ni la Adûnaic. Lugha iliyotukuzwa kwa marufuku ikabaki na kazi ya kulitaja kaburi.

Hata hivyo Adûnaic yenyewe haikufa. Tolkien anaeleza kwamba katika bandari na ngome ambazo Wanúmenor walikuwa wamezijenga ng'ambo, lugha hiyo ilichanganyika na maneno ya wenyeji wa pwani, na baadaye ikatajirishwa kwa maneno ya Waelfi. Ikawa lugha ya pamoja ya mataifa mengi, ya wafanyabiashara na wasafiri. Kasri ya mfalme aliyezuia maneno imo chini ya maji; lugha ya bandarini, iliyokopa bila haya, ikaendelea kusemwa. Sisi wasemaji wa lugha iliyokulia mwambaoni hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tunahitaji kulikumbuka kila tunapotaka kukilinda Kiswahili kwa kuwaziba wengine vinywa.